Gesi Iliyoitwa Mvivu

Mwezi Mei mwaka 1903 wakazi wa Dexter, mji mdogo wa jimbo la Kansas nchini Marekani, waliandaa sherehe ya kuwasha moto. Wachimbaji walikuwa wametoboa kisima kilichotoa gesi kwa kishindo, na kila mtu mjini alishaanza kupiga hesabu: gesi ni nishati, nishati ni viwanda, viwanda ni pesa. Siku ilipofika, robota la nyasi kavu lilitiwa moto na kusukumwa hadi kwenye mdomo wa kisima. Moto ukazimika. Wakawasha tena, wakasukuma tena, ukazimika tena. Umati ukatawanyika, na gesi ikaendelea kunguruma bila kumfaa mtu.

Mjiolojia wa jimbo, Erasmus Haworth, alijaza gesi hiyo kwenye mtungi wa chuma na kuipeleka Chuo Kikuu cha Kansas. Wanakemia waliipima na kukuta karibu asilimia 72 yake ni naitrojeni, ambayo haiwaki, na asilimia 15 tu ni methani, ambayo inawaka. Kulikuwa na mabaki yasiyoeleweka. Mwezi Desemba 1905 Hamilton Cady na David McFarland walipata jibu: karibu asilimia mbili ya gesi ya Dexter ilikuwa heliamu, elementi iliyotambuliwa kwanza kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, na ambayo hadi miaka kumi kabla ya siku hiyo hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameithibitisha kuwapo duniani.

Watu wa Dexter nawaelewa. Gesi isiyowaka, isiyounguza, isiyoungana na kitu chochote, mtu aifanyie nini? Zilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya kiwanda cha ndege cha California kuipa kazi ambayo ilihitaji uvivu wake hasa: kumkinga fundi anayechomelea metali zinazochukia hewa. Mimi ninasoma uzamili wa uhandisi, na utafiti wangu ni wa kuchomelea aloi za aluminiamu. Vitabu vyetu vya darasani huizungumzia gesi ya kinga kwa ukurasa mmoja au miwili, kama mtu anavyotaja kifuniko cha sufuria. Nilipoanza kufuatilia ilikotoka, nikakuta kifuniko hicho kina historia ndefu kuliko sufuria.

Tuanze na sufuria basi. Sufuria ya aluminiamu unayopikia ugali, ukiigusa, huigusi aluminiamu. Unagusa ngozi nyembamba ya oksaidi, yenye unene wa nanomita chache, ambayo metali hujivika mara tu inapokutana na oksijeni. Ikwaruze kwa kisu, ngozi inarudi papo hapo. Ndiyo inayoilinda sufuria isiliwe kama bati linavyoliwa na kutu, na ndiyo inayomtesa fundi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi. Oksaidi yake haiyeyuki hadi upite nyuzi 2,000. Kwa hiyo unapoipasha moto, ndani kunakuwa uji wakati nje bado ni mfuko mgumu. Weka vipande viwili pamoja, viyeyushe vyote viwili, vitalala ubavu kwa ubavu bila kuungana, kwa sababu kati yao kuna mifuko miwili. Tena aluminiamu haikupi ishara. Chuma hupiga wekundu, kisha unjano, fundi akajua wakati umekaribia. Aluminiamu hukaa na rangi yake ileile ya fedha, halafu ghafla inadondoka chini na kukuachia tundu.

Mwaka 1886 Charles Martin Hall huko Ohio na Paul Héroult huko Ufaransa waligundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuizalisha aluminiamu kwa umeme, na metali iliyokuwa ya kifahari ikashuka bei. Ndege ya ndugu Wright iliyoruka Desemba 1903, mwaka uleule wa sherehe ya Dexter, ilikuwa na injini yenye bloku ya aluminiamu. Metali ilikuwepo, matumizi yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuunga kipande na kipande. Viwandani walitumia ribiti. Waliotaka kuunganisha kwa moto walitumia mwali wa gesi pamoja na dawa, unga wa chumvi za kloraidi na floraidi ulioyeyusha ile ngozi. Dawa ilifanya kazi, lakini masalia yake yalifyonza unyevu na kuanza kuitafuna aluminiamu yenyewe. Kila kiungo kilipaswa kusuguliwa na kuoshwa vizuri, na pembe ambayo brashi haikufika ilibaki na ugonjwa uliofichika.

Na umeme je? Kuchomelea kwa tao la umeme, ule mwali mweupe unaoruka kati ya elektrodi na metali, kulijulikana tangu miaka ya 1880. Charles Coffin wa Detroit alipata hataza mwaka 1890 iliyotaja wazo la kuchomelea ndani ya gesi isiyo na oksijeni. Wazo sahihi, miaka hamsini mapema. Tatizo lilikuwa gesi ipi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza mhadhiri wetu swali hilo maabara: kama shida ni oksijeni, kwa nini tusitumie naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa na bei yake ni ndogo? Mhadhiri hakujibu kwanza. Aliwasha tao juu ya kibao cha aluminiamu, kidimbwi cha metali kikatokea, safi, kinang'aa kama zebaki. Kisha akafunga valvu ya mtungi. Kwa sekunde moja au mbili hakukutokea kitu. Halafu tao likaanza kutapatapa, ncha ya elektrodi ikatoa moshi, na kidimbwi kikafunikwa na gamba la kijivu, lenye makunyanzi, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Alipozima, pale palipokuwa kioo palikuwa na kitu kama makaa. Akasema: hewa hii ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, na mmeona ilivyowasaidia.

Jibu kamili ni kwamba naitrojeni ni pole tu ikiwa baridi. Kwenye joto la tao inavunjika na kuungana na metali nyepesi. Ajabu ni kwamba tabia hiyohiyo ndiyo iliyotupatia gesi tuliyoihitaji, na hapa inabidi turudi nyuma hadi karne ya 18.

Mwaka 1785 Mwingereza Henry Cavendish alichukua hewa, akaitia cheche za umeme tena na tena pamoja na oksijeni, akaondoa kila kilichoungana. Mwishoni kilibaki kipovu kidogo kilichokataa kuungana na chochote, ambacho alikadiria si zaidi ya sehemu moja kwa 120 ya naitrojeni aliyoanza nayo. Akakiandika, akaendelea na mambo mengine. Kipovu kikalala kwenye maandishi yake kwa zaidi ya miaka mia.

Aliyekiamsha ni Lord Rayleigh, mwanafizikia mwenye subira ya kupima kitu kilekile kwa miaka. Alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Iliyotoka hewani, ndani ya chupa yake, ilikuwa na uzito wa gramu 2.31; iliyotengenezwa kwa kemia ilikuwa gramu 2.30. Tofauti ni kama nusu ya asilimia. Mtu mwingine angesema ni kosa la mizani. Rayleigh mwaka 1892 aliandika kwenye jarida la Nature akiomba mwenye maelezo ajitokeze. William Ramsay, mwanakemia wa London, aliichukua naitrojeni ya hewani na kuipitisha juu ya magnesiamu iliyopashwa moto. Magnesiamu ikaila naitrojeni, ikaila, ikaila, mpaka kikabaki kitu ambacho haikuweza kukila. Agosti 1894 wawili hao walitangaza gesi mpya kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Oxford. Waliiita agoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, asiyefanya kazi. Mwaka uliofuata Ramsay akaipata na heliamu, imefungiwa ndani ya madini ya urani. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Nobeli ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Shikilia hilo la magnesiamu. Metali iliyotumika kuivua agoni kutoka hewani, kwa kuwa haiwezi kuiona naitrojeni bila kuila, ndiyo itakayokuja kuwalazimisha wahandisi waitafute agoni na nduguye heliamu.

Miaka thelathini na ushee ya kwanza, kazi ya agoni ilikuwa kwenye balbu. Uzi wa tangsteni ndani ya balbu huishi zaidi ukizungukwa na gesi isiyoushambulia, na viwanda vya balbu vikawa wateja wa kwanza wa mvivu huyu. Haishangazi kwamba waliojaribu kwa dhati kuchomelea ndani ya gesi hizi walikuwa watu wa General Electric, kampuni ya balbu. Miaka ya 1920 Henry Hobart alifanya majaribio kwa heliamu na Philip Devers kwa agoni, na hataza zao zikatolewa mwaka 1930. Ilifanya kazi. Na hakuna kilichotokea, kwa sababu gesi ilikuwa ghali mno kuimwaga hewani kwa ajili ya kuunga mabati.

Heliamu ilikuwa na kikwazo kingine: sheria. Baada ya Dexter, Marekani iligundua kwamba visima vyake vya Kansas na Texas vina heliamu nyingi kuliko nchi yoyote iliyojulikana wakati huo, na kwamba gesi nyepesi isiyowaka ni silaha, kwa kuwa inaweza kuelea ndani ya meli za anga za kijeshi bila kulipuka. Sheria ya mwaka 1925 iliiweka heliamu mikononi mwa serikali, na ile ya 1927 ikabana uuzaji wake nje. Wajerumani, waliosanifu meli ya anga Hindenburg wakiwa na heliamu akilini, waliishia kuijaza hidrojeni. Iliungua tarehe 6 Mei 1937 huko Lakehurst, New Jersey, na watu 36 wakafa. Mwaka uliofuata Ujerumani iliomba heliamu kwa ajili ya meli iliyofuata, na waziri wa Marekani Harold Ickes akakataa. Mifupa ya Hindenburg, kwa taarifa yako, ilikuwa ya duralumini, aloi ya aluminiamu na shaba iliyogunduliwa na Alfred Wilm. Iliungwa kwa ribiti kuanzia puani hadi mkiani. Gesi ambayo ingeiokoa, na ambayo baadaye ingewezesha aloi nyingi za aluminiamu kuungwa kwa umeme, ilikuwa mali ya nchi moja.

Basi si ajabu kwamba uvumbuzi wenyewe ulitokea Marekani. Nasoma mara nyingi historia za teknolojia zinazoeleza uvumbuzi kama jambo la kichwa cha mtu mmoja, na kichwa kilikuwepo, sikatai. Lakini mtu huyo huyo angezaliwa Berlin mwaka uleule angekosa mtungi.

Jack Northrop, mtengeneza ndege wa California, alitaka ndege ya magnesiamu tupu. Magnesiamu ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa theluthi moja, na ikiwaka haizimiki kwa maji. Mhandisi wake Vladimir Pavlecka alisukuma wazo la kuichomelea kwa tao ndani ya gesi, na Russell Meredith akatengeneza tochi: ncha ya tangsteni isiyoyeyuka hadi zaidi ya nyuzi 3,400, imezungukwa na kikombe kinachotoa heliamu. Hiyo ilikuwa 1941. Hataza ilitolewa Februari 1942. Aliiita Heliarc, yaani tao la heliamu. Ndege ya magnesiamu, XP-56, iliruka 1943, ilikuwa ngumu kuiongoza, na ni mbili tu zilizojengwa. Watu wachache wanaikumbuka. Tochi iliyotengenezwa kwa ajili yake imeenea dunia nzima.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ndiyo inayonivutia kuliko yote. Walipounganisha umeme ili elektrodi iwe upande chanya, kidimbwi kilikuwa safi kwa namna isiyotarajiwa. Ile ngozi ya oksaidi ilipasuka na kutoweka yenyewe mbele ya tao, bila dawa. Lakini ncha ya tangsteni ilipata moto kupita kiasi, ikamomonyoka na kudondosha vipande ndani ya kiungo. Walipogeuza, elektrodi ikawa hasi, ncha ilipoa na joto likaenda kwenye kazi, ila usafi ukapotea. Ukichagua usafi unaunguza chombo, ukichagua chombo unabaki na uchafu. Suluhisho lilikuwa kutokuchagua: umeme geu, kama wa ukutani, unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Nusu ya mzunguko inasafisha, nusu nyingine inapasha moto na kuipumzisha ncha.

Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba wavivu wawili hawalingani. Katika ile nusu inayosafisha, elektroni huruka kutoka kwenye oksaidi, sehemu baada ya sehemu, na ayoni za gesi huipiga ngozi kutoka juu. Atomu ya agoni ina uzito mara kumi ya atomu ya heliamu. Fikiria kupiga ukuta kwa nyundo na kuupiga kwa kijiko. Agoni ilisafisha vizuri kuliko heliamu, tao lake lilitulia, liliwaka kwa urahisi. Tena ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo huketi juu ya kidimbwi kama shuka, ilhali heliamu, yenye uzito wa sehemu moja kwa saba ya hewa, hukimbilia juu na kumlazimu fundi amwage mara mbili au tatu zaidi kupata kinga ileile.

Heliamu nayo ina lake. Kung'oa elektroni moja kwenye atomu yake kunahitaji nguvu ya elektronivolti 24.6, dhidi ya 15.8 za agoni. Hiyo ina maana kwamba tao ndani ya heliamu hudai volteji kubwa zaidi kwa mkondo uleule, na volteji hiyo ya ziada hugeuka joto. Kidimbwi kinakuwa kipana na kinazama ndani. Aluminiamu hupitisha joto haraka sana. Bamba nene hulinyonya joto la fundi na kulitawanya kabla halijayeyusha kitu. Hapo agoni peke yake huonekana dhaifu, na fundi huichanganya na heliamu, mara nyingi sehemu tatu za heliamu kwa moja ya agoni. Kwa hiyo wanaposema gesi ya kinga ni kifuniko tu, huwa nabisha. Badili gesi bila kugusa kitu kingine chochote, na umebadili joto la tao, umbo la kiungo, kina chake na usafi wake. Hii gesi haiungani na metali, ni kweli, lakini umeme wote wa kazi unapita ndani ya mwili wake.

Baada ya vita agoni ikashinda kwa sababu isiyohusiana na fizikia ya tao. Viwanda vya chuma vilitaka oksijeni kwa wingi, na oksijeni hupatikana kwa kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika kisha kuitenganisha. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi hasi 196, oksijeni kwenye hasi 183, na katikati, kwenye hasi 186, kuna agoni ambayo hutoka kama zawadi ya njiani. Hewa ina agoni karibu asilimia 0.93, ambayo si haba: chumba cha mita tatu kwa nne chenye urefu wa mita mbili na nusu kina lita zipatazo 280. Ukichomelea kwa mtiririko wa lita kumi kwa dakika, chumba chako cha kulala kina agoni ya karibu nusu saa. Hakuna nchi inayoweza kuizuia hiyo kwa sheria. Heliamu ni tofauti. Ikishapanda juu inaiaga dunia.

Mwaka 1948 taasisi ya Battelle mjini Columbus, Ohio, ikifadhiliwa na kampuni ya gesi ya Air Reduction, ilifanya jambo ambalo kwangu ni la kijanja kuliko hata tochi ya Meredith. Waliiondoa tangsteni na kuweka waya wa aluminiamu unaosukumwa na mota, uyeyuke wenyewe na kuwa kiungo. Kisha wakaunganisha umeme kwa namna iliyowashinda Northrop, elektrodi upande chanya. Joto lililoharibu ncha ya tangsteni sasa lilikuwa linayeyusha waya, jambo linalotakiwa, na usafi wa oksaidi ukaja bure muda wote. Mbinu hiyo, MIG, ilizaliwa kwa ajili ya aluminiamu na agoni. Mwaka 1953 Wasovieti Lyubavskii na Novoshilov walionyesha kwamba kwa chuma unaweza kutumia hewa ukaa ya bei rahisi, na leo gereji nyingi zina mashine ya aina hiyo na mtungi wa hewa ukaa bila kujua iliwahi kuwa ya metali nyingine. Usijaribu mtungi huo kwenye aluminiamu. Kwenye tao hewa ukaa inavunjika na kuachia oksijeni, na unarudi kwenye lile gamba la kijivu.

Mabadiliko yalionekana baharini. Meli ya abiria United States, iliyovunja rekodi ya kuvuka Atlantiki mwaka 1952, ilikuwa na ghorofa za juu za aluminiamu zilizoungwa kwa ribiti. Miaka saba tu baadaye, 1959, meli Methane Pioneer ilibeba gesi asilia iliyogandamizwa kwa baridi hadi nyuzi hasi 162 kutoka Louisiana hadi Canvey Island, Uingereza, ndani ya matangi matano ya aluminiamu yaliyochomelewa. Aluminiamu haiwi dhaifu kama kioo kwenye baridi hiyo, na chuma cha kawaida huwa. Lakini hakuna ambaye angethubutu kuziba kimiminika cha namna hiyo kwa safu za ribiti.

Halafu likaja suala la anga za juu, na pamoja nalo adui wa mwisho, ambaye ni unyevu. Aluminiamu iliyoyeyuka huyeyusha hidrojeni ndani yake, na inapoganda uwezo huo hushuka karibu mara ishirini kwa ghafla. Hidrojeni iliyobanwa hutafuta pa kutokea, isipopata hubaki kama vitundu, na kiungo kinakuwa kama mkate. Hidrojeni yenyewe hutoka kwenye maji: jasho la kidole, mafuta kwenye waya, mvuke uliojipenyeza kwenye bomba la plastiki linaloleta gesi. Ndiyo maana agoni ya kuchomelea huuzwa ikiwa safi kwa zaidi ya asilimia 99.99, na bado mtu makini huipitisha kwenye bomba kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Hatua ya kwanza ya roketi ya Saturn V, yenye kipenyo cha mita kumi, ilichomelewa kwa aloi ya aluminiamu namba 2219 huko New Orleans, mji wa joto na mvuke. Hatua ya pili, ya aloi 2014, ilichomelewa huko Seal Beach, pwani ya California, ndani ya majengo yaliyodhibitiwa unyevu. Maabara yetu nayo iko karibu na bahari. Msimu wa masika mirija ya gesi tunaifuta na kuifunga ncha kila jioni, na kuna vibao vyangu vya Aprili ambavyo ukivipiga picha ya eksirei vinaonekana kama anga lenye nyota.

Mwaka 1991 taasisi ya TWI ya Uingereza ilivumbua njia ya kuunga aluminiamu kwa kuisugua na kuikoroga bila kuiyeyusha, pasipo tao na pasipo gesi. Matangi makubwa ya roketi yamehamia huko taratibu. Kwa fremu za baiskeli, boti, matrela na mabomba, mtungi bado upo pembeni ya fundi.

Kwetu habari hii ilifika kwa mlango ambao Coffin na Meredith wasingeuwazia. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, linakadiriwa kuwa na heliamu futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu. Miamba ya kale chini ya nchi yetu ina urani na thori zinazooza polepole na kuzaa heliamu. Joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua miamba hiyo na gesi ikapanda. Magazeti yalizungumzia mashine za hospitali za MRI, na ni sawa, ndizo wateja wakubwa. Uchorongaji ulianza 2021.

Nimesoma uchambuzi wa gesi inayotoka kwenye chemchemi za moto za huko. Sehemu kubwa ni naitrojeni, na heliamu imefika hadi karibu asilimia 10, mara tano ya ile ya Dexter. Ili ifae kwenye tochi lazima naitrojeni yote hiyo itolewe kwanza, kwa mitambo ya baridi kali ambayo ni ghali kuliko visima vyenyewe, na swali la mitambo hiyo itajengwa wapi ndilo ninalolifuatilia kuliko hesabu za futi bilioni. Kwa sasa gesi inatoka kama ilivyo, mapovu kwenye maji ya moto, na ukiyasogezea kiberiti kinazimika.